Siku Ziwa la Nzilo Liliponikana

Wengi wenu mnanijua kwa mgongo. Ile video iliyozunguka Kolwezi nzima, ya mzee aliyelala kifudifudi kwenye matope ya ziwa, suruali ya Jumapili imechafuka, jicho moja kwenye chombo, na watu nyuma yake wanapiga mayowe "Inaonekana! Inaonekana!", yule mzee ni mimi. Naitwa Ngoie. Nilikuwa mpima ardhi katika migodi ya hapa maisha yangu yote ya kazi, na leo ni mstaafu wa mtaa wa Dilala ambaye vijana wa taximoto wanamwita Tata Plat, yaani Baba Bapa.

Grâce, binti wa jirani yangu, anasoma kazi hiyohiyo niliyoifanya. Ndiye aliyeniomba niwaandikie ninyi wenzake wa darasani. "Tata, utuambie yale kazi ilikufundisha," aliniambia. Nikamjibu kwamba kazi ilinifundisha mengi, na mengine sikuyaelewa mpaka nilipokwisha kustaafu na kuaibika. Akacheka. Mimi sikucheka.

Haya, sogeeni.

Ninyi mna drone, na vyombo vinavyozungumza na satelaiti. Sisi tulikuwa na nivo. Nivo ni darubini ndogo juu ya miguu mitatu, yenye kiputo kinachokuonyesha kama imekaa sawa. Wewe unachungulia. Mwenzako anasimama mbali ameshika mire, yaani rula ndefu kumpita mtu, yenye namba. Unasoma mire ya nyuma, unasoma mire ya mbele, unatoa moja kwa nyingine, unajua ardhi imepanda au imeshuka kiasi gani. Ni hivyo tu. Nusu ya mji huu imesimama juu ya hesabu hiyo ya kutoa.

Zamisheni miguu ya chombo mpaka udongo ukatae. Msikiegemee hata mkichoka. Kiputo kikishakaa katikati, geuzeni chombo kiangalie nyuma, mkitazame tena, maana kiputo ni kama mkwe mpya: kina upande mmoja wa kukuonyesha uso mzuri. Na jua likiwaka, kifunikeni chombo mwavuli kabla ya kujifunika ninyi. Nilimwona bwana mmoja aliyefanya kinyume. Kichwa chake kilipoa, namba zake zikaungua.

Aliyenifunza haya ni Tata Mbuyi, mkubwa wa kikundi chetu, mtu wa asili ya Kasai, mfupi, asiyepaza sauti. Mwaka wangu wa kwanza alinipa kupima mtaro wa maji ya mvua kule Mutoshi. Nilichanganya mire ya nyuma na ya mbele, nikaandika rapoti nzuri sana, kwa mwandiko wa kupendeza, watu wakachimba. Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yalirudi nyuma, yakaingia uani kwa bosi, yakapanda barazani, yakaondoka na kiatu kimoja cha mke wake. Nikamwambia Tata Mbuyi kwamba kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa.

"Mwana," akasema, "mayi haisomaka rapoti."

Tulichimba upya pamoja, yeye ameshika jembe kama mimi, na hakuna aliyesikia kutoka kwake kwamba kosa lilikuwa langu. Jambo hilo la pili, la kushika jembe, ndilo nililolisahau upesi. La maji kutosoma rapoti nililikumbuka, na nimewarushia vijana wengi usoni.

Sasa niwaambie juu ya Kazadi.

Kazadi ndiye aliyenishikia mire. Hakuwa kijana wangu, tulikuwa rika moja. Tofauti ni kwamba mimi nilimaliza shule na yeye baba yake alikufa mapema. Tulipima pamoja mpaka mimi na yeye tukaota mvi. Tulifuata reli kwa miguu kuelekea Tenke, yeye mbele na mire begani, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti nene iliyofukuza ndege. Kila tuliposogea nilikuwa nampigia kelele: "Kazadi, hesabu hatua! Chombo kikae katikati!" Naye alihesabu, kutoka mire ya nyuma mpaka kwenye chombo, kisha idadi ileile mpaka mbele. Kama ardhi ilikataa, alizunguka kichaka na kuanza tena. Hakuna mtu katika mgodi ule aliyejua kuweka katikati kama Kazadi.

Tulipostaafu tulibaki tukisali kanisa moja. Mke wake alifariki. Watoto wake wako Lubumbashi na mbali zaidi. Mmoja alimtumia simu kubwa, na Kazadi akaanza kukaa nayo jioni nzima. Mwanzo zilikuwa nyimbo. Baadaye nikaona ananisimamisha mlangoni mwa kanisa: "Shefu, ulishajua kama dunia ni plat?" Nilidhani anatania. Nikacheka, nikaenda zangu.

Vijana wa kanisa wana kawaida ya kujadiliana baada ya ibada. Jumapili moja, mwezi wa kumi, mada ilikuwa hiyohiyo, maana hata wao walikuwa wanatumiana video hizo. Kazadi akasimama. Sijawahi kumwona anaongea mbele ya watu vile, mikono wazi, uso unang'aa.

"Miye nilibeba mire tokea hapa mpaka Tenke, na miguu," akasema. "Siku ata moja sikuona dunia inainama. Tulikuwa tunatafuta plat, na plat tulikuwa tunaipata. Mayi inakalaka plat. Nani alishaona mayi yenye iko na mugongo?"

Watu wakacheka kwa kufurahi. Kijana mmoja akauliza juu ya nguvu ya mvutano: "Na gravité, Tata?"

"Gravité! Kintu kizito kinaanguka sababu ya uzito yake. Moshi inapanda sababu ya wepesi yake. Sasa iyo nguvu yenye banasema inashika bahari yote isimwangike, inashindwa kushika moshi ya makaa ya mama?"

Wakapiga makofi. Ninyi mngemjibu nini? Jibu lipo, na si gumu. Moshi haukatai kuvutwa. Hewa ya baridi iliyouzunguka ni nzito kuliko wenyewe, inavutwa chini kwa nguvu zaidi, inaingia chini yake na kuusukuma juu, kama maji yanavyoyabeba mafuta ya mawese. Bila kitu cha kuvuta, hakuna juu wala chini, na uzito wenyewe ni neno tupu. Ningeweza kusema hivyo kwa upole, kwa kikombe cha maji na tone la mafuta. Mama zetu wote wangeelewa.

Lakini nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, nimevaa koti, na watu walikuwa wananitazama mimi, fundi wao, wakingoja. Na mtu aliyekuwa anapigiwa makofi alikuwa Kazadi.

"Kazadi," nikasema, "weye ulikuwa mutu wa kubeba miti. Mutu wa kubeba miti anajua nini juu ya dunia?"

Mama mmoja aliguna. Kazadi alishusha mikono yake polepole, kama mtu aliyeambiwa kazi imekwisha.

"Ni kweli, shefu," akasema. "Nilibeba. Sasa weye mwenye ulikuwa unaangalia, utuonyeshe."

Na mimi, badala ya kuomba radhi, nikatangaza kwamba nitawaonyesha, tena wiki ijayo, kwenye ziwa.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Nzilo ina sehemu ndefu ambapo unaona ng'ambo bila kisiwa katikati. Upande mmoja ningeweka nivo yangu ya zamani chini kabisa, karibu iguse maji. Ng'ambo vijana wawili wa kwaya wangeshika ubao mwekundu kwenye magoti yao. Kama dunia ni mviringo, mgongo wa maji ungeuficha ubao. Wakiupandisha juu ya kichwa, ungejitokeza. Niliwaeleza watu haya kanisani kama mhubiri, kidole juu.

Siku yenyewe walikuja wengi, wengine kwa pikapu, wengine kwa pikipiki. Ilikuwa mchana, baada ya ibada, katika lile joto zito linalotangulia mvua. Nilijilaza kifudifudi, nikaweka jicho.

Ubao ulikuwa pale. Mwekundu, mzima.

Nilifuta kioo. Nikatazama tena. Nikapiga simu ng'ambo: "Mumeweka ku magoti?" Wakajibu ndiyo. Nikamwita Grâce, nikitumaini jicho langu la uzee ndilo linalodanganya. Akalala kando yangu, akachungulia.

"Tata," akasema taratibu, "inaonekana."

"Yote?"

"Yote. Na chini yake naona miguu ya mwenye ameishika."

Wa nyuma walisikia. Hapo ndipo yakaanza yale mayowe mliyoyasikia kwenye video. Nilijua kosa mara moja, na hilo ndilo linaloniuma. Tata Mbuyi alinionya nikiwa bado sijaoa: jicho lako lisipite chinichini, kwa maana hewa inayogusa ardhi inapinda mwanga, na juu ya maji ni mbaya zaidi. Mchana wa joto, hewa iliyogusa maji ni baridi na ile iliyo juu yake ni ya moto. Mwanga ukipita humo huinama, ukaufuata mgongo wa dunia kama mtu anayevuka kilima. Kitu kilichofichwa na kilima kinaonekana kama vile kilima hakipo. Kila mpima anajua. Mimi nilijua. Nilichagua siku ile na saa ile kwa sababu ndipo watu wangekuwa wengi.

Nikasimama na matope tumboni, nikasema: "Ni hewa! Hewa inapinda mwanga!"

"Juzi ilikuwa gravité, leo ni hewa!" mmoja akapaza sauti, na ziwa zima likacheka. Neno langu lilikuwa la kweli, na lilisikika kama uongo wa mtoto aliyevunja sahani.

Kazadi peke yake hakucheka. Alikuja polepole, akafuta tope kwenye kioo kwa ncha ya shati lake, akakunja miguu ya chombo mmoja baada ya mwingine, akaifunga mkanda, akakiweka begani na kukipeleka kwenye pikapu. Hakuna aliyemtuma. Nilimtazama akienda, na aibu ya kuchekwa ikawa kitu kidogo sana.

Baada ya hapo niliacha kutoka. Nilikwenda ibada ya asubuhi sana, nikaketi nyuma, nikatoka kabla ya baraka. Sokoni nilizunguka njia ndefu ili nisipite penye taximoto. Mke wangu, Mama Béa, alivumilia wiki kadhaa. Kisha siku moja, akiwa anachambua maharage, akasema bila kuinua macho:

"Unafikiri unajificha sababu ya ile ziwa. Mi naona unajificha sababu ya Kazadi."

Nilimkasirikia siku nzima. Kesho yake nikachukua mwavuli, nikaenda.

Mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu. Kazadi alinifungulia, akanipa kiti kilicho kizima, yeye akakalia kile chenye mguu uliofungwa kamba. Simu yake ilikuwa mezani, inaongea Kifaransa peke yake. Akaizima. Nikamwomba radhi kwa lile neno la ukumbini. Nililisema vibaya, kwa kukatakata, macho yangu sakafuni.

"Nimesikia," akasema. Kisha akaongeza: "Unaona iyi simu? Inanielezaka. Polepole, inanirudilia mara na mara, hainiambiake kama miye ni mujinga. Weye, shefu, miaka yote ile, ulishanielezaka nini?"

Nikageuza mwavuli wangu mkononi.

"Nikuulize kintu kimoja," akaendelea. "Ile hatua. Kila siku: Kazadi, hesabu, chombo kikae katikati. Ilikuwa juu ya nini?"

Vijana wangu, ninyi mmesoma, mnalijua jibu. Dunia inainama, kwa hiyo mire iliyo mbali inasomeka vibaya kidogo. Hewa nayo inapinda mwanga, kosa jingine. Lakini chombo kikiwa katikati kabisa, kosa la nyuma ni sawa na kosa la mbele, na unapotoa moja kwa nyingine yote mawili yanakufa. Hatua za Kazadi ndizo zilizokuwa zikiondoa mviringo wa dunia kwenye namba zangu. Ndiyo maana hakuwahi kuuona. Niliomba bakuli, nikaligeuza juu chini mezani, nikasimamisha njiti mbili za kibiriti na ya tatu katikati, nikamwonyesha. Aliniuliza maswali. Yalikuwa mazuri, bora kuliko niliyoulizwa na baadhi ya mainjinia.

Alipoelewa, aliweka mkono juu ya bakuli.

"Miye nilifikiri ni tabia yako tu," akasema. "Nilikuwa naambia bibi yangu, shefu Ngoie anapenda katikati sawa mutu anapendaka chumvi. Na tulikuwa tunacheka." Kisha sauti yake ikabadilika. "Bibi alikufa bila kujua nilikuwa nafanya kazi gani. Ata miye sikukuwa najua."

Nikaanza kuomba radhi tena. Akainua mkono kunizuia.

"Na sikuamini bado, unasikia? Ile ubao niliiona na macho yangu."

"Uliiona," nikamwambia. "Hata mimi niliiona. Ilionekana kweli."

Lishikeni hili kama nilivyowaambia kuhusu miguu ya chombo: kamwe msimwambie mtu kwamba hakuona alichokiona. Mwulizeni lini, na hewa ilikuwaje.

Tulikaa masika yote tukizungumza, kwangu au kwake. Kuhusu gravité tulibishana mpaka Mama Béa akatufukuza jikoni. Nilimletea timazi yangu, tukaining'iniza mlangoni, akasema uzi unanyooka kwa sababu chuma ni kizito, nikamwuliza kwa nini uzito wenyewe unaelekea chini na si ukutani, akasema atafikiri. Bado anafikiri. Wakati mwingine ananijia na swali ambalo siwezi kulijibu, na nimejifunza kusema siwezi.

Ulipofika mwezi wa baridi nikamwambia: sasa. Katika baridi mambo yanageuka. Maji yamebaki na joto lake na hewa ya juu ni baridi, mwanga hauukumbatii tena mgongo wa ziwa. Hatukumwambia mtu. Tulichukua chombo na ubao, tukaenda sisi wawili asubuhi.

Tulipofika ndipo tukagundua kwamba hatuna wa kushika ubao. Tulitazamana.

"Weye unajua chombo," akasema Kazadi, akichukua ubao.

"Nitakuwekea kiputo," nikajibu. "Lakini mwenye kuangalia ni weye, Tata Kazadi. Ukiangalia kwa macho yangu, itakuwa tena maneno yangu."

Nilimwekea, nikamwonyesha pa kuzungusha ili picha ikae safi. Alijilaza kwenye nyasi zenye umande, mzee mzima, akakohoa. Mvuvi mmoja akanivusha kwa mtumbwi. Ng'ambo niliingia majini mpaka magotini, nikashika ubao, nikaugeuza upande alipo.

Sikumwona. Niliona ukingo mweusi wa nyasi, na ukungu mwembamba, basi. Nilikuwa nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na sikuwahi kusimama upande huu. Sikujua kwamba mtu wa mire haoni chochote. Unashika, mkono unauma, na mahali fulani mbali kuna mtu anaona kitu, anakiandika, na asipokuambia, hutajua kamwe kilikuwa nini. Baridi ilinipanda kwenye mifupa. Nilitaka kupiga simu kuuliza. Niliona haya kuuliza.

Simu ikalia yenyewe.

"Shefu," akasema Kazadi. "Uko wapi?"

"Niko hapa. Niko mu mayi. Ubao iko ku magoti."

Nilisikia anavyopumua.

"Sikuoni," akasema.

Nikaubana ubao magotini.

"Naona miti nyuma. Naona mwenye mutumbwi, amesimama, kichwa tu, mutumbwi yenyewe hapana. Weye sikuoni. Inua kidogo. Kidogo tena. Tena." Niliinua mpaka mikono ikanyooka juu ya kichwa changu. "Aah. Njo iyo. Nyekundu." Kisha sauti yake ikawa chini sana, ya mtu anayeongea peke yake. "Inatokea ndani ya mayi sawa jua."

"Nishushe?" nikauliza.

"Hapana. Kaa vile, usitikisike. Nataka niangalie muzuri."

Nikaushika ubao sawa. Nikakaa vile.